Damu ya Mla Maharage

Tangu asubuhi Sidhom alikuwa hajaketi. Kila alipolijaribu benchi lake, miguu ilimwinua yenyewe, akazunguka mkokoteni, akafunua chungu, akachungulia maharage ambayo hayakuwa na haja ya kuchunguliwa, akafunika. Mteja mmoja alimwambia, "Ami Sidhom, keti bwana, unatutia kizunguzungu." Akaketi, akahesabu mpaka nne, akasimama.

Kisa cha yote ni Wahba.

Kwa miaka kumi na tisa mkokoteni wa Sidhom wa ful, maharage yanayochemshwa usiku kucha, umesimama mbele ya bucha la Wahba, nyuma ya stesheni ya Minya, na kwa miaka kumi na tisa wawili hao wamegombania kivuli cha paa moja la bati. Wote Wakopti, Wakristo wa asili wa Misri, wote wa kanisa moja, mmoja anauza maharage, mwingine anauza ng'ombe. Sasa Sidhom, aliyefiwa na mkewe miaka mitatu nyuma, alikuwa amemposa Widad, dada yake Wahba, naye mjane. Widad alikuwa amekubali. Abuna Bisenti, kasisi wao, alikuwa amekubali. Alibaki Wahba, na Wahba asubuhi hiyo alitoa jibu lake mbele za watu, huku akifuta kisu kwenye aproni.

"Sikiliza, Sidhom. Dada yangu hakuzaa kwa marehemu. Ana miaka thelathini na tisa, amebakiwa na miwili mitatu ya bahati. Siwezi kumtoa kwa mtu ambaye damu yake ni supu ya dengu."

"Damu yangu umeionja lini?"

"Sina haja. Unafunga siku mia mbili kwa mwaka. Hula nyama, hula yai, hula jibini, hata samaki sasa hivi hula. Na zile siku za kufungua unakula nini? Maharage, kwa sababu nyama yangu huimudu. Wewe mwaka mzima ni mbuzi."

"Mbuzi naye ana watoto wangapi, Bosi?" aliuliza mteja mmoja mdomo umejaa, na benchi zima likacheka.

Wahba hakucheka. Alitoa simu, akaipandisha sauti. Ndani yake kijana mmoja mwenye kifua kama kabati alikuwa akipiga kelele kwamba mwanamume anayekula maharage kila siku homoni zake hugeuka kuwa za kike, na matiti humwota. Watu walimtazama Sidhom kifuani. Sidhom mwenyewe, Mungu amsamehe, alijitazama.

"Niletee karatasi ya maabara," Wahba alisema. "Homoni ya kiume, kwa namba. Mwisho wa mwezi Abuna anafunga daftari la harusi za baada ya Pasaka. Ukiniletea namba ya mwanamume, majina yenu yataingia. Usiponiletea, Widad atabaki kwangu, na wewe ubaki na chungu chako."

Sidhom alijua vizuri kwa nini Widad anatakiwa abaki. Nyuma ya bucha kulikuwa na ua, na katika ua huo Widad aliosha matumbo na utumbo wa ng'ombe kuanzia jua linapochomoza, miaka sita sasa, bila mshahara wala ahsante. Mwenye nafasi hawezi kukuambia kwamba anataka jasho lako. Atakuambia kwamba anakuhurumia. Wakubwa wote ndivyo walivyo, awe na wizara au awe na bucha.

Hata hivyo maneno yale yalimwingia. Nargis wake alikufa katika hospitali ya serikali, siku tatu wakimwambia Sidhom akanunue sindano nje, akanunue dripu nje, mpaka siku ya nne wakamwambia akanunue sanda. Tangu hapo hakuwa na nguvu zake za zamani. Alidhani ni uchungu. Je, kama ni maharage? Mwaka uliopita bwana mmoja mnene alitokea kwenye televisheni, shingo imemwagika juu ya tai, akawaambia wananchi kwamba mtu anaweza kuishi vizuri bila nyama. Sidhom alimtukana siku ile. Sasa aliwaza: labda walijua. Labda nyama waliipandisha bei makusudi, wanaume wapoe, wasiulize kitu.

Hakusubiri kesho. Mwaka huo Kwaresima Kubwa na Ramadhani ziliingia wiki moja, na kwa mpika ful hiyo ni neema na adhabu kwa pamoja. Waislamu walikuja kula daku, akawauzia mpaka adhana ya alfajiri. Jua likichomoza Wakristo wenzake walikuja na vibakuli, nao akawauzia. Mchana alichambua mawe kwenye magunia, jioni akapandisha chungu kipya. Saa kumi alasiri, akiwa hajafumba macho tangu jana yake, Sidhom alivuka reli, akaingia maabara, akakunja mkono wa kanzu juu ya msalaba mdogo aliochanjwa kwenye kifundo cha mkono tangu utotoni, kama Wakopti wengi, akatoa damu.

Kesho yake karani alimpa bahasha bila kumtazama. Sidhom alisoma mpaka darasa la nne tu, lakini namba alizijua kama mtu yeyote anayeuza kwa rejareja. Mwanzo wa namba za wanaume ulikuwa mia mbili sabini. Yake ilikuwa mia moja tisini na moja.

Alisimama pale mlangoni mpaka mlinzi akamuuliza kama amepoteza kitu.

"Vipi, imetoka?" Wahba alimwita kutoka buchani alipomwona anarudi.

"Mashine imeharibika," Sidhom alijibu.

Hakuna aliyeshangaa. Katika nchi hii ukisema mashine imeharibika, watu huitikia kama vile umewaamkia.

Bahasha aliificha chini ya gunia la chumvi, na kuanzia hapo hakutulia kabisa. Aliunguza kitunguu. Alimpa mtu chenji mara mbili. Widad alipopita na ndoo, akamnong'oneza, "Una nini wewe, unarukaruka kama punje juu ya kikaango?" alimwambia ni jino. Moyoni alikuwa na jambo moja tu: nyama. Siku tano za nyama, kwa siri, kisha apimwe tena. Mungu angeelewa. Mungu mwenyewe aliumba homoni.

Lakini nyama ya siri mtu ataipata wapi? Kwa Wahba haiwezekani. Mabucha mengine ya mji yote yalikuwa yanamjua, na mwanamume wa Kikopti akinunua kilo ya nyama katikati ya Kwaresima, habari inafika kanisani kabla nyama haijafika nyumbani. Akaenda kwenye maduka ya kebabu karibu na mto: yamefungwa, ni Ramadhani. Akaenda kwa muuza ini wa sokoni: amelala juu ya meza yake, kofia usoni, midomo mikavu. Sidhom alizunguka mji mzima mchana huo, kanzu imelowa mgongoni, akitafuta mahali pa kufungulia mfungo wake katika mji ambao wote umefunga. Waislamu huku, Wakopti kule, hata paka waliokaa nje ya mikahawa walionekana wamefunga.

Magharibi ilipokaribia ndipo wazo likamjia. Ng'ambo ya mfereji, kando ya msikiti mmoja, matajiri waliandaa meza ya sadaka barabarani, kila siku, kwa mpita njia yeyote. Mtu haulizwi jina wala dini. Unaketi, unapewa sahani: wali, mchuzi, kipande cha nyama cha kujaza kiganja. Sidhom alivuta mkono wa kanzu ukafunika msalaba wake, akavuka daraja, akajichomeka kati ya madereva wawili wa malori. Mbele yake kikawekwa kipande cha ng'ombe kilichopikwa mpaka kikalegea, mafuta yanang'aa pembezoni. Harufu yake ilimtoa mate na machozi kwa wakati mmoja. Miaka arobaini alikuwa hajavunja Kwaresima. Nargis hakuivunja hata kitandani, alipoletewa supu ya kuku akageuzia uso ukutani.

Adhana ikalia. Mikono yote ikashuka mezani. Wa Sidhom nao ukashuka, ukashika nyama, na mkono wa kanzu ukapanda juu.

"La, la, la!" Sauti ilitoka nyuma yake. "Nani? Nani kamwekea nyama huyu mzee?"

Alikuwa Haji Mitwali, msimamizi wa meza, mwenye ndevu za hina, mteja wa sahani thelathini za daku kila alfajiri. Alikuwa ameuona msalaba, kisha akauona uso.

"Ami Sidhom! Wallahi umetupa heshima kuja kufuturu nasi! Na sisi tunakulipa kwa fedheha! Enyi watu, hamjui wenzetu wako Kwaresima? Huyu hali chenye roho! Toa hiyo, toa!"

"Haji, si neno, mimi—"

"Kwako si neno kwa sababu wewe ni muungwana. Ungekula kwa adabu tu, usituaibishe. Nakujua!" Akamwondolea nyama mkononi, kwa upole, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu, akamwekea dereva wa kulia, ambaye hakungoja kuambiwa mara mbili. "Leteni ile ful! Ile ya asubuhi, nilibakisha!"

Wakaileta. Imepashwa moto, imekamuliwa ndimu, imenyunyiziwa bizari ya pilau. Sidhom aliitambua kabla haijatua mezani. Ilikuwa ful yake mwenyewe.

"Hii huna wasiwasi nayo," Haji alisema, mkono begani mwake. "Unajua imepikwa na nani."

Meza yote ikacheka kwa furaha, na dereva wa kushoto akamsogezea mkate wake. Basi Sidhom akala. Alikula maharage yake mbele ya watu hamsini waliokuwa wakimtazama kwa mapenzi, na kila tonge lilipita kooni kama jiwe alilosahau kulichambua.

Asubuhi alirudi maabara, bahasha mkononi, akakataa kuzungumza na karani. "Nataka mwenye cheo," alisema, kwa sauti aliyokuwa hajaitumia tangu hospitalini kwa Nargis. Akatoka mwanamke mfupi mwenye miwani, Daktari Safaa, macho mekundu kama yake.

Alisoma karatasi. "Damu hii ilitolewa saa kumi alasiri. Ulikuwa umeamka saa ngapi?"

"Sikuamka. Sikulala."

"Kwa nini?"

"Mimi ni mpika ful. Usiku ndio shamba langu."

Daktari alivua miwani. "Mzee, homoni hii mwili unaitengeneza mtu akiwa usingizini, na asubuhi ndipo inakuwa juu. Wewe umekesha, umekuja jioni, halafu unataka ikusubiri?"

"Kwa hiyo si maharage?"

"Maharage yamekukosea nini? Wamepimwa walaji wa nyama na walaji wa mboga, nchi nyingi, mara nyingi. Tofauti ni ndogo, mara nyingi haipo kabisa. Ninaowaona hapa ikiwa chini ni wenye matumbo makubwa, wenye sukari, wasiolala, wenye majonzi. Bucha halimponyi mtu majonzi." Alimtazama. "Hata siku usizofanya kazi hulali?"

"Nalala kidogo. Kwenye kochi."

"Kitanda kimefanya nini?"

Sidhom aliigeuzageuza bahasha tupu mikononi. Daktari akaandika kitu kwenye karatasi. "Siku tatu. Usiku, siyo mchana. Kitandani. Kisha uje saa mbili asubuhi. Namba moja mbaya haimhukumu mtu, tunapima tena."

Siku tatu! Angesema mwaka ingekuwa sawa. Mpika ful akizima chungu siku tatu ndani ya Ramadhani, wateja wanahamia kwa mwingine, hawarudi. Na Abuna alikuwa anafunga daftari baada ya siku tano. Sidhom alitembea mpaka uani nyuma ya bucha bila kujua miguu inampeleka wapi. Widad alikuwa amechuchumaa, viwiko ndani ya karai, mpira wa maji unamwagika. Alimpa karatasi ile mbaya pamoja na maneno yote: namba, uongo wa mashine, hata meza ya ng'ambo.

Widad aliifuta mikono, akasoma, akairudisha.

"Ulitaka kula nyama? Wewe?"

"Kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu ungeniuliza. Marehemu wangu alikula nyama ya kaka yangu asubuhi na jioni, miaka tisa. Shingo kama gogo. Daktari alituambia kasoro ilikuwa kwake, marehemu akanikataza nisimwambie mtu, nikanyamaza, watu wakaniita tasa mpaka leo. Unadhani mimi ni mtu wa kuogopeshwa na maharage?" Alisimama. "Mimi namba yako siitaki. Lakini anayeitaka ataigharimia. Wahba!"

Wahba akachungulia, kisu mkononi.

"Ulitaka karatasi. Karatasi inataka mtu alale siku tatu. Chungu kinataka mtu wa kukesha nacho. Utakesha wewe."

"Mimi?" Wahba alicheka. "Mimi bosi wa nyama nikoroge maharage barabarani? Watu wataniona!"

"Basi na haya matumbo uyaoshe mwenyewe," Widad alisema, akaliachia karai. "Kuanzia sasa hivi."

Maji yalimwagika yakamfika Wahba viatuni. Aliyatazama matumbo. Matumbo yalikuwa mengi.

"Ful inakorogwaje?" aliuliza.

"Haikorogwi," Sidhom alisema haraka. "Ukikoroga inavurugika. Unaongeza maji ya moto kidogokidogo, moto mdogo, basi. Na usithubutu kutia mafuta ya ng'ombe, kuna watu wamefunga!"

Usiku wa kwanza Sidhom hakulala. Alijilaza kwenye kitanda kile, upande wake, upande wa Nargis ukiwa tambarare kama kaburi la mtu asiye na ndugu, akasikia kila treni ya kwenda Kairo. Alishuka mara tatu kuchungulia kona ya mtaa. Mara ya tatu alimwona Wahba ameketi kwenye benchi, ameinamia chungu kama anayesikiliza siri. Siku ya pili alivuta shuka, akalia kidogo, bila mpangilio, kama mtu anayekohoa, usingizi ukamchukua, na alipofumbua macho kulikuwa kumekucha. Siku ya tatu jua lilimpiga usoni, akaamka hajui yuko wapi, akaenda maabara mbio akiwa amevaa kiatu kimoja kipya na kimoja cha zamani.

Safari hii walimngojesha mpaka karatasi ikatoka: mia tatu themanini na nane.

"Wewe si fahali," Daktari Safaa alisema. "Lakini ni mwanamume wa miaka hamsini na mmoja, salama kabisa. Endelea kulala."

"Mwambie anayeniuzia mkate na mafuta ya taa asinidai nikilala," alisema Sidhom, ila kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi aliyasema maneno ya namna hiyo bila chuki nyingi.

Wahba alikuwa mkokotenini, amejifunga taulo kichwani, macho yamevimba, anampigia kelele mteja: "Ngoja! Haijaiva! Unataka kula mawe?" Alipoipokea karatasi aliisoma taratibu, kidole kikifuata mstari, kutoka namba ya Sidhom mpaka namba za mwanzo na za mwisho, kisha akarudi.

"Siku tatu hizi umekula nini?"

"Ful."

"Ful tu?"

"Ful yako. Uliyoipika wewe. Imezidi chumvi."

Wateja waliinua vichwa kusubiri tusi. Wahba aliikunja karatasi ikawa ndogo, akaitia mfuko wa aproni, ile yenye damu. "Nitaipeleka kwa Abuna mwenyewe," alisema. "Jumatatu ya pili baada ya Pasaka. Nyama ya harusi ni juu yangu, usinibishie." Akamwonyesha Sidhom benchi kwa kidevu. "Widad ataosha mpaka Pasaka. Halafu nitaajiri mtu. Tumeshagombana, imekwisha."

Sidhom aliketi. Wahba hakuondoka. Alisimama pale, kilo mia na kumi, akipangusa shingo, anatazama chini ya chungu. Kisha akainama karibu, akasema kwa sauti ambayo hata mteja wa jirani hangeisikia.

"Hiyo maabara. Wanafungua saa ngapi?"

Sidhom alimtazama. Aliona tumbo lililobana kamba ya aproni, aliona ngozi ya kijivu chini ya macho ambayo haikuwa ya siku tatu. Tusi alilolilea miaka kumi na tisa lilimfika kwenye ulimi. Akalimeza.

"Saa mbili," alisema. "Lakini kwanza ulale. Nenda nyumbani sasa hivi, chungu nitakaa nacho."

Na alipotaka kusogea ampishe njia, akakuta miguu yake, kwa mara ya kwanza siku zile, haitaki kuinuka.